Kesi ya Mopepe wa Tatu

Kaseti ilifika Kisangani kwa ndege ya mizigo kutoka Goma, imeviringishwa ndani ya blanketi katikati ya magunia ya maharagwe, na kabla ndege haijamaliza kushusha shehena yake habari ilikuwa imekwisha kufika soko kuu kwa toleka, zile baiskeli za abiria zinazojua mambo ya mji kuliko redio. Mopepe wa tatu amekuja.

Mopepe alikuwa shujaa wa filamu. Kwenye jalada la kaseti alikuwa na jina refu la Kifaransa, lakini hakuna aliyelitumia. Alianza kama mhandisi wa kawaida, mwenye miwani na mke, mpaka siku mashine ilipopasuka mbele yake naye akavuta moshi wake wote kifuani. Tangu hapo, kila alipotoa pumzi kwa nguvu aligeuka upepo: akapita chini ya milango, akang'oa vifaru, akarudi kuwa mtu na tai yake shingoni. Watu wa Kisangani, ambao huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kilingala bila kujikwaa, wakamwita Mopepe, yaani upepo, na jina likamkaa.

Filamu ya kwanza ilionyeshwa mjini muda mfupi kabla ya vita. Ya pili ilikuja vita vikiwa vimekwisha pamba moto, na ilimalizika Mopepe akiwa juu ya mnara, mkono kifuani, akiuapia mji ule wa kwenye filamu kwamba maadamu anapumua atausimamia. Nyuma yake, dirishani, mke wake alikuwa anamtazama. Hapo ikazimika. Miaka ikapita watu wakijiuliza itakuwaje, na hakuna aliyejiuliza kama Augustin.

Augustin alikuwa hakimu, tena hakimu wa kweli, mwenye joho na shahada. Lakini vita vilipoanza mishahara ilikatika, mchwa wakala mafaili, na mwishowe milango ya mahakama ikafungwa bila mtu kutangaza kwamba imefungwa. Augustin alirudi nyumbani na joho lake, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba, akaanza kufuga bata. Walimpenda. Walimfuata uani wakipiga kelele kama mawakili, naye akawanyamazisha kwa kidole.

Ni Kataliko Elisée aliyemrudisha kazini. Kataliko alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye depo ya maharagwe na chumvi karibu na soko, na mchana aliposukuma magunia ukutani, akapanga mabenchi na kuwasha televisheni, depo iligeuka sinema. Filamu ya pili ya Mopepe ilipokwisha, vijana wawili walishikana mashati kubishana kama kiapo kile kilikuwa cha ushujaa au cha ujinga. Benchi likavunjika. Kataliko, aliyeipenda televisheni yake kama mtoto wa mwisho, akamkimbilia Augustin aliyekuwa ameketi safu ya mbele.

"Papa Juge, nakuomba, kata hii maneno! Bila hivyo batanivunjia poste yangu ya televisheni."

Augustin alisimama, akakohoa, akaamuru pande zote mbili zijieleze kwa zamu. Kufika magharibi watu walikuwa wametulia, wanacheka, na kila mmoja alitaka filamu ifuatayo ihukumiwe vilevile. Ikawa desturi. Mama Olga Kyakimwa, muuza maharagwe wa jumla, mwanamke aliyezaliwa kushtaki, alichukua upande wa mashtaka. Hemedi, fundi wa nguo kutoka familia za Waislamu wa zamani za mji, alichukua utetezi kwa sababu alikuwa na sauti laini na huruma kwa kila kitu kilichoshonwa vibaya. Augustin alivaa joho. Mahakama ya mji ilikuwa kimya, lakini mahakama ya depo ilikaa kila Jumamosi.

Jambo moja tu lilimpungukia. Filamu ya kwanza ya Mopepe aliitazama na mke wake, Marthe, nao walibishana njia nzima hadi nyumbani, wakabishana wakila, na Marthe akalala akiwa bado ana hoja. Baadaye kidogo Marthe alipanda meli kwenda Kinshasa, binti yao Françoise alikuwa karibu kujifungua. Angerudi mtoto akipata nguvu. Mtoto alipata nguvu, vita vikapata nguvu zaidi, mto ukafungwa, mstari wa mapigano ukakata nchi katikati. Mtoto yule sasa alikuwa anasoma shule, alikuwa na wadogo zake, na Marthe alikuwa bado Kinshasa.

Waliongea kwa foni. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, lakini kwenye mikono ya wakubwa. Wengine wote walikwenda kwa Mama Angèle, nyuma ya soko, ambaye alikuwa na redio ya masafa ya mbali mezani na waya mrefu uliopanda juu ya mnazi. Kwenye foni hakuna siri: sauti inatoka kwenye sanduku na foleni nzima inasikia. Tena hakuna kukatizana. Anayeongea ameshika kifungo, na mpaka aseme "à vous", yaani zamu yako, na kukiachia, wewe wa upande wa pili ni masikio tu. Marthe alikuwa hodari sana wa kushika kifungo.

"Augustin, unanisikia? Françoise iko muzuri, batoto iko bazuri, ule mudogo ameota meno. Bata iko ngapi sasa? À vous."

"Wengi. Wengine nimewala. Marthe, sikiliza, Mopepe wa tatu amefika! Jumamosi tunamhukumu. À vous."

"Ee! Sisi huku tulisha kumuona tangu Noeli!" Sauti ya Marthe ilipanda hata sanduku likatetemeka. "Augustin, wameharibu. Nakuambia wameharibu kabisa. Nilitoka mule na hasira, sikukula hata pondu. Kwanza ile vita yao haiishi, lakini hiyo si kitu. Hasira yangu mimi iko pale mwisho, Mopepe anafika mu mulango, sasa bibi yake—"

Foleni nzima iliruka.

"Mama Marthe, hapana! Hapana sema!"

"Batu hawajaona bado!"

Walikuwa wanapoteza pumzi zao bure, maana Marthe alikuwa ameshika kifungo na hakusikia kitu. Mama Angèle alijitupa juu ya meza akazima sauti. Walisubiri, wakitazamana kama watu waliokoswa na gari, mpaka Mama Angèle alipokadiria kwamba imetosha, akafungua taratibu.

"—ni aibu kubwa kwa mwanamuke yeyote. À vous."

Augustin alijifuta jasho. "Bon. Nimekuelewa, Marthe. À vous."

Hakuwa ameelewa chochote. Juma zima alilisha bata wake akijiuliza ni nini kilitokea mlangoni.

Jumamosi depo ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Waliuza karanga na mikate ya moto mlangoni, umeme wa bwawa la Tshopo siku ile ulikuwa na adabu, na Kataliko alivaa shati jipya kana kwamba ni yeye aliyetengeneza filamu. Kabla haijaanza, aliingia sajini mmoja kutoka kambi ya Kapalata, amevaa magwanda, bila bunduki. Akaketi mwisho wa benchi. Benchi lote likasogea kidogo upande wa pili, kwa heshima ambayo kila mtu aliielewa.

Mama Olga alisimama kwanza.

"Mheshimiwa, kabla ya yote, mimi niko na pingamizi. Huyu hakimu amesha kupata ushahidi nje ya tribunal. Batu bote ba foni ni mashahidi. Bibi yake amemwambia filamu ni mbaya."

Minong'ono ikazunguka. Augustin alirekebisha joho.

"Ni kweli, nimemsikia mke wangu. Lakini Mama Olga, nimeishi na Marthe tangu nikiwa mwanafunzi. Kama kumsikia Marthe kungenizuia kuhukumu, basi kesi zote nilizowahi kuzikata mjini humu ni batili, na wale wote niliowafunga waje tuwaombe radhi. Pingamizi limetupwa. Kataliko, washa."

Filamu ikaanza. Adui wa safari hii alikuwa tajiri mmoja aliyetaka kuufunika mji wote kwa kifuniko cha kioo ili awauzie watu hewa. Wazo lilikuwa zuri na watu walilipokea kwa miguno ya chuki. Lakini tajiri alipenda kuongea. Alimkamata Mopepe akaongea, Mopepe akaponyoka, akamkamata tena akaanza upya pale alipoishia. Halafu vikaja vita vya juu ya kioo. Vilipiganwa, vikapiganwa, watu wakatoka kujisaidia wakarudi wakakuta ngumi ileile bado iko njiani. Mopepe mwenyewe alikuwa amevalishwa vazi jipya lenye mabega yaliyosimama kama mwavuli uliogeuzwa na dhoruba, na kila lilipoonekana Hemedi alifumba macho.

Hatimaye kioo kilipasuka. Mji ukapumua. Watu wa mjini walimiminika barabarani wakamsihi Mopepe abaki nao, awe mlinzi wao daima, wakamwonyesha hata jumba la kukaa. Mopepe aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa pumzi, taratibu, upepo wote uliokuwamo kifuani ukatoka ukapanda angani ukaenda zake, na pale barabarani akabaki mhandisi mwenye miwani. Akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Akagonga. Mlango ukafunguka, mke wake akamtazama, akasema neno moja:

"Umechelewa."

Ikazimika.

Depo ililipuka. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanapiga magunia kwa ngumi, mzee mmoja alisimama akadai kuna kaseti nyingine Kataliko ameificha. Augustin alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la joho, akaifuta tena, mpaka alipoona anaweza kuongea kama mtu.

"Kimya! Mashtaka."

Mama Olga hakuwa na karatasi wala hakuihitaji. Alisema filamu hii imechosha watu waliokuwa wamechoka tayari. Alisema adui mwenye mipango mizuri haongei hivyo, na kwamba yeye mwenyewe akitaka kupandisha bei ya maharagwe hamwambii mtu. Watu wakacheka, Kataliko hakucheka. Akaendelea mpaka akafika kwenye vazi, akalieleza kwa mikono, na utetezi ukainua kidole.

"Mheshimiwa," alisema Hemedi, "kuhusu vazi sina la kutetea. Mimi ni fundi."

"Imeandikwa," alisema Augustin, ingawa hakuna aliyekuwa anaandika.

"Lakini hiyo yote ningesamehe," alisema Mama Olga, na sasa sauti yake ilishuka, watu wakainama mbele. "Kile sisamehe ni kiapo. Filamu ya pili, juu ya mnara, huyu mutu aliapa. Alisema: maadamu ninapumua. Sisi tukangoja miaka. Tulingoja mu njaa, tulingoja mabomu yakipita, tunasema, tutaona vile atasimamia mji wake. Na yeye? Anatoa mupepo, anaenda nyumbani kula! Bado anapumua, si ndiyo? Basi amevunja. Naomba filamu ihukumiwe kwa kuacha kazi."

Alipigiwa makofi ya nguvu. Hemedi alisubiri yaishe, akasimama na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, maana alikuwa ametoka kazini moja kwa moja.

"Mheshimiwa, sisi wa mji huu tumeona wenye nguvu wa kila namna. Wamekuja kwa ndege, wamekuja kwa miguu. Kuna waliopigana humuhumu, siku sita, mabomu yanaanguka juu ya nyumba zetu, na kila upande ulisema umekuja kutulinda. Mimi bado sijaona hata mmoja aliyesema: bon, kazi imeisha, ngoja nirudi kwa bibi yangu. Huyu Mopepe ni wa kwanza. Na Mama Olga anataka tumfunge?"

Kicheko kilianza kwa kishindo, kikafika mwisho wa benchi, kikafa. Kila mtu alikumbuka mara moja nani aliyekuwa ameketi pale. Hemedi mwenyewe alibaki mdomo wazi, mkono kwenye futi. Kataliko alianza kusogea kuelekea televisheni yake.

Sajini alisimama.

"Naomba kuwa shahidi," alisema.

Augustin alimgeukia. "Shahidi wa upande gani?"

"Sijui. Ninaitwa Zakaria. Kwetu ni Basoko." Alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Basoko si mbali, mutu wa pirogi ya kasia anafika. Lakini iko upande mwingine wa mustari, na mimi sijafika tangu hii vita ianze. Nataka kusema tu kwamba filamu imedanganya mahali pamoja. Yule mutu anatembea mu barabara moja kwa moja mpaka mulangoni, anagonga. Mutu hafanyi hivyo. Mutu kwanza anapita mbele ya nyumba kama anaenda kwa jirani. Anasikiliza kama kuna sauti ya mwanaume mwingine ndani. Anazunguka. Pengine anaenda kunywa kwanza. Basi, ni hiyo tu."

Akaketi. Mwanamke mmoja juu ya magunia akasema, "Ni ya kweli!" na depo nzima ikaangua kicheko, kicheko cha kupumua, na benchi likarudi mahali pake. Mtu akampitishia sajini karanga.

Augustin alitangaza kwamba mahakama inakwenda kutafakari, akaingia chumba cha nyuma akaketi juu ya gunia la chumvi. Alikuwa na shida ambayo hakimu hapendi kuwa nayo: alitaka sana filamu ishinde. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameiogopa hukumu ambayo moyo wake umeikata kabla ya kichwa. Tena Marthe alikuwa amesema ni aibu. Marthe alikosea mara chache, na zile mara chache ilichukua miaka kumwonyesha.

Alitoka. "Kataliko, rudisha nyuma. Mahakama inataka kuuona mlango mara ya pili."

Kaseti ikalia, Mopepe akatembea kinyumenyume barabarani watu wakicheka, kisha akaja tena mbele. Safari hii Augustin alitazama kama anavyotazamwa shahidi. Akaona jambo ambalo makelele ya kwanza yalimficha. Yule mwanamke alifungua mlango, lakini mkono wake haukuachia kitasa. Alisema neno lake, na mkono ukabaki pale. Hakuwa amemkaribisha, wala hakuwa amemfukuza. Filamu ilizimika bado anaamua.

Augustin alisimama, na depo ikasimama naye.

"Kwa shtaka la kuchosha, filamu ina hatia. Kwa adui kuongea, ina hatia. Kwa vazi, utetezi wenyewe umekubali. Sasa kiapo." Alimgeukia Mama Olga. "Mama Olga amesema kweli kwamba mtu huyu aliuapia mji. Lakini amesahau filamu ya kwanza. Katika ile, kabla ya mashine, kabla ya upepo, alikuwa na harusi. Tuliiona. Pale aliapa pia, mbele ya mwanamke huyu huyu. Mbele ya sheria, mwenye dai la kwanza huhudumiwa kwanza. Mji ulikuwa wa pili, na mji umekwisha pata haki yake, kioo kimevunjwa. Kwa hiyo kwenda nyumbani hakukuwa kuacha kazi. Kulikuwa kuripoti kazini, tena amechelewa, na aliyemfungulia amemwambia hivyo. Kwa shtaka hili, filamu haina hatia."

Makofi, mayowe, Mama Olga akitikisa kichwa huku anatabasamu.

"Adhabu. Kuanzia leo, Kataliko ataionyesha filamu hii akivipitisha vile vita kwa mbio."

"Hapana, Papa Juge!" walilia vijana.

"Kuna kifungo chake. Kitumike."

"Na yetu je, Papa Juge?" aliuliza yule mzee aliyedai kaseti nyingine. "Kifungo cha kupitisha hii vita yetu mbio kiko wapi?"

Hata sajini alicheka.

Jumatatu Augustin alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Mama Angèle. Alisimulia kila kitu: pingamizi, ushahidi, mkono kwenye kitasa, dai la kwanza na la pili. Alikuwa anajisikia vizuri sana. Alisema "à vous" kama mtu anayengoja pongezi.

"Umemaliza?" ilisema sauti ya Marthe. "Sasa sikiliza. Muliketi pale batu mia, mukahukumu vita, mukahukumu adui, mukahukumu hata mabega ya koti. Ule mwanamuke nani alimusemea? Filamu tatu, Augustin! Ya kwanza analia, ya pili anatazama mu dirisha, ya tatu anangoja. Miaka yote hiyo anapika peke yake, analala peke yake, anasikia batu bakisema bwana yako ni upepo. Na siku bwana anarudi, wanamupa neno moja! Moja! Unafikiri mimi nikifungua mulango nitasema neno moja? Nitasema mpaka asubui! Nitasema mpaka ule Mopepe aombe kurudi kuwa mupepo! Hiyo njo aibu ile nilikuambia. Na wewe hakimu, unaona mukono, hauoni mudomo! Natoa rufaa. À vous."

Mama Angèle, ambaye kwa kanuni ya kazi yake hakutoa maoni, akasema, "Iko na raison, anasema kweli," na foleni ikagawanyika palepale. Mwenye zamu iliyofuata alikuwa na habari ya msiba Kinshasa, lakini naye alisema msiba ungoje kidogo, na kwamba neno moja linatosha kama ni neno lenyewe. Augustin alishika kifungo. Alijibu kwamba neno moja lililobeba kila kitu ni sanaa. Marthe alijibu kwamba sanaa ni ya watu wasiokuwa na la kusema. Walivutana mpaka Mama Angèle akawakata, na Augustin akatoka pale nje kwenye jua, uso umemwiva kwa hasira, akagundua kwamba anatembea haraka kama kijana. Walikuwa hawajagombana hivyo tangu meli ile iondoke. Miaka yote kwenye foni walikuwa wanaulizana afya, wanajibizana kwa adabu kama wageni.

Katikati ya mwaka ule mto ulifunguliwa. Hakuna aliyeamini mpaka majahazi ya chuma yalipoonekana yakipanda kutoka Kinshasa, yamejaa sukari, saruji, mabeseni na watu, na mji mzima ukashuka bandarini, hata wavuvi Wagenia wa kwenye maporomoko wakaja kuona kitu gani kinapiga honi vile. Augustin alifika alfajiri, amenyolewa, amevaa koti. Alipomwona Marthe amesimama kati ya mabeseni, mnene kidogo kuliko zamani, kitambaa cha njano kichwani, hakumkimbilia. Alijikuta anakagua kamba za jahazi kwa makini, kama afisa wa bandari, akaenda mpaka mwisho wa gati, akarudi.

"Augustin! Unatafuta nini kule? Mimi niko hapa!"

Akaenda. Alimshika mikono yote miwili na hakupata la kusema, hata hilo neno moja.

Marthe alipata. Alisema amekonda, na nani alimpikia, na koti hili ni la nani mbona linamning'inia, na Françoise anamsalimu, na jahazi lilikwama kwenye mchanga wakala kwanga kavu za muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, mpaka meno yakauma, na wale bata asije akamwambia amewapa majina. Walipanda toleka mbili, zikaenda sambamba, na Marthe aliendelea kutoka toleka moja hadi nyingine, juu ya kelele za soko. Mwendesha baiskeli wake aliposikia jina la Mopepe aligeuza kichwa akasema yeye yuko upande wa Mama, na yule wa Augustin akapinga, na kwa kubishana kwao walikosa njia ya kuingia nyumbani ikabidi wazunguke.

Rufaa ilisikilizwa Jumamosi ya juma lile lile. Mama Olga alisimama akasema hakimu hawezi kusikiliza rufaa dhidi ya hukumu yake mwenyewe, hasa ikiwa mrufani amelala kwake jana. Hilo lilikubaliwa kwa shangwe. Basi joho likavalishwa Hemedi, aliyelivuta mabegani, akaukagua mshono wa kwapa kwanza, ndipo akaketi. Augustin alikaa benchi la mbele kama mtu wa kawaida, na Marthe kando yake, hoja zake zimejaa kifuani, amewaahidi watu wa depo mambo ambayo hawajawahi kuyasikia.

Kataliko alivipitisha vita kwa mbio kama alivyoamriwa. Lakini tajiri wa kioo alikuwa bado anaongea, hotuba zake hazikuwa kwenye adhabu, na depo ilikuwa na joto, na Marthe alikuwa ametoka kwenye safari ndefu ya mto bila usingizi wa kweli. Kichwa chake kikaanza kuinama. Kikainuka, kikainama. Mwishowe kikatua kwenye bega la Augustin na kukaa.

Mopepe akatoa pumzi yake ya mwisho. Akatembea barabarani. Akafika.

"Mumuamshe," alinong'ona Mama Olga. "Inafika pale mu mulango."

Watu wa safu za nyuma wakaanza kusimama ili waone. Sajini Zakaria akaweka kidole mdomoni. Hemedi, kutoka kitini pake, alimtazama Augustin kuuliza afanye nini, na Augustin, bila kusogeza bega, aliinua mkono mmoja akaomba ahirisho mpaka Jumamosi ijayo.

"Limekubaliwa," alisema Hemedi kwa sauti ya chini, na Kataliko akazima televisheni polepole, kwa kidole kimoja.